Pikapu na rimoriki: magunia mangapi bila kuvunja gari?

SOMO KWA WANACHAMA WA KOOPERATIVE



Msimu wa mahindi ukifika, hapa Kalengera swali linakuwa moja: tutafikisha mavuno Goma namna gani mbele ya bei kuanguka? Kooperative yenye kuwa na pikapu inaanza kufikiri kuifungia rimoriki nyuma. Wazo hilo si baya. Rimoriki haina motere, haikunywi mazutu yake yenyewe, na inagharimu kidogo kuliko gari la pili. Lakini rimoriki isiyolingana na gari inaweza kuua gari, na inaweza kuua watu.

Kwenye mikutano tunasikia watu wakiuliza: "Motere iko na nguvu ya kuvuta?" Hilo si swali la kwanza. Motere ya dizeli inaweza kuvuta uzito ambao esie haiwezi kubeba na freni haiwezi kusimamisha. Tukishika jambo moja tu katika somo hili, liwe hili: magunia ya safari hayaamuliwi na nguvu ya motere, yanaamuliwa na kikomo kile kinachofikiwa kwanza. Hapa chini tunaonyesha namna ya kusoma vikomo hivyo, namna ya kupima kwa mizani ya depo, na namna ya kufikisha mahindi mengi zaidi sokoni bila kuzidisha uzito.

Barabara yetu inaomba nini

Kutoka Kalengera kwenda Goma, gari lenye mzigo linapanda kwanza: Rumangabo, Rugari, mpaka Kibumba. Halafu linateremka kuelekea Goma. Kaskazini mwa mji linapita pia mahali ambapo lava ya Nyiragongo ya Mei 2021 ilikata barabara. Basi safari moja inajaribu gari mara tatu.

Kwenye mpando, motere inachoka. Hewa ya juu ni nyepesi, na motere isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu yake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Hili shofere analiona mwenyewe, maana gari linapungua mwendo.

Kwenye mawe na mashimo, resori, esie na mipira zinapigwa. Gurudumu likiingia shimoni, kwa kitambo kidogo linabeba zaidi ya uzito wake wa kawaida. Hili shofere halioni mpaka chuma kivunjike.

Kwenye mteremko, freni zinameza uzito wote na kuugeuza kuwa joto. Uzito ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara mbili. Mwendo ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Freni zikipata moto kupita kiasi hazishiki tena, hata kama zilikuwa nzuri asubuhi. Gari lililopanda vizuri mpaka Kibumba halijaonyesha bado kama litateremka vizuri.

Vikomo vitano vya kutafuta

Mbele ya kununua rimoriki, tafuteni vikomo hivi. Vingi vinapatikana kwenye kibao cha chuma au karatasi ya kubandikwa karibu na mlango wa shofere au chini ya boneti, kwenye karte roze, au kwenye kitabu cha gari.

1. Uzito wa juu wa gari lenyewe. Kwenye karatasi zetu unaandikwa PTAC. Ni gari tupu, pamoja na mazutu, watu, vyombo, magunia, na uzito wa rimoriki unaoegemea ndoano. Vyote pamoja visipite hapo.

2. Uzito wa juu wa gari na rimoriki yake vikiwa pamoja. Unaandikwa PTRA. Hapa njo tunahesabu nguvu ya kuvuta.

3. Uzito wa juu wa kila esie. Esie ni ule mti wa chuma wenye kubeba magurudumu mawili. Ile ya nyuma njo inayoumia kwanza.

4. Uzito wa juu wa rimoriki (kwenye kibao chake) na uzito ambao ndoano inakubali kubeba. Kwenye vibao vingi vya ndoano uzito huu umeandikwa mbele ya herufi S, kwa kilo.

5. Uwezo wa mipira. Kwenye ubavu wa mpira, baada ya vipimo vyake, kuna namba ndogo. Namba 91 maana yake mpira mmoja unabeba kilo 615. Namba 95 ni kilo 690, namba 100 ni kilo 800, namba 104 ni kilo 900, na namba 112 ni kilo 1,120.

Kwenye magari yenye kibao cha mtindo wa Ulaya mtaona mistari minne ya kilo, moja chini ya nyingine. Wa kwanza ni PTAC, wa pili ni PTRA, wa tatu ni esie ya mbele, wa nne ni esie ya nyuma. Magari mengi yaliyotumika Japani yanakuja na kibao kisicho na kilo hizo. Hapo mpeleke namba ya modeli kwa muuzaji anayeaminika au mtafute kitabu cha modeli hiyo. Namba zikikosekana, msinunue rimoriki. Kubahatisha hakupimi chuma.

Na tuseme wazi juu ya desturi moja. Wengi wetu tunaongeza jani moja au mawili kwenye resori, halafu tunasema gari sasa linabeba tani mbili. Jani la resori linainua mgongo wa gari tu. Esie ni ile ile, bearing ni zile zile, freni ni zile zile, mipira ni ile ile. PTAC haijaongezeka hata kilo moja. Tena jani lenyewe ni chuma, lina uzito wake.

Uzito unaegemea wapi

Kila mtu amemwona kijana wa chukudu. Akipanga viloba nyuma sana, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na chukudu hakigeuki. Akivipanga mbele sana, mikono inashindwa. Anajua kwamba uzito ni ule ule, lakini mahali pake panabadilisha kila kitu. Pikapu yenye rimoriki ni hivyo hivyo.

Rimoriki ya kawaida, yenye mkono mrefu mbele (timoni), inaegemea ndoano kwa karibu kilo 10 juu ya kila kilo 100 za uzito wake. Ikiegemea kidogo sana, inaanza kuyumba kushoto na kuume kwenye mwendo. Ikiegemea mno, inakandamiza nyuma ya gari.

Sasa angalieni: ndoano iko nyuma ya esie ya nyuma. Kwa hiyo inafanya kazi kama mtu anayekanda ncha ya ubao. Pikapu yenye mita 3 kati ya esie zake mbili, na ndoano iko mita 1.20 nyuma ya esie ya nyuma, hesabu yake ni hii: mita 4.20 gawa kwa mita 3, ni 1.4. Kilo 100 juu ya ndoano zinakuwa kilo 140 juu ya esie ya nyuma, na kilo 40 zinatoka kwenye esie ya mbele. Hizo kilo 40 njo zilikuwa zinasaidia usukani kushika barabara.

Mfano: pikapu moja, rimoriki moja

Tuchukue pikapu ya mfano. Kila kooperative itaweka namba za gari lake.

Gari tupu na mazutu: kilo 1,900 (mbele 1,080, nyuma 820)
PTAC: kilo 3,000
PTRA: kilo 5,000
Esie ya nyuma, mwisho: kilo 1,800
Rimoriki tupu: kilo 450
Rimoriki na mzigo, mwisho: kilo 1,500, ina freni yake
Ndoano, S: kilo 150

Mahindi yako kwenye magunia. Sokoni tunaita "gunia la kilo mia", lakini limejazwa mpaka kichwa kimeshonewa kamba, na mahindi hayajakauka vizuri. Tumelipandisha kwenye mizani: kilo 120.

Hesabu ya mazoea inakuwa hivi: "PTAC 3,000 toa 1,900, tunabaki na 1,100. Shofere na konvoyere ni kilo 140, vyombo na bashi kilo 60. Tunabaki na 900, basi magunia 9 kwenye pikapu. Rimoriki inabeba 1,050, basi magunia 10. Jumla 19. Twende."

Tupime magunia hayo 19 kwa uzito wao wa kweli.

Rimoriki: 450 ongeza 1,200 ni kilo 1,650. Imepita kikomo chake kwa kilo 150.
Ndoano: sehemu ya kumi ni kilo 165. Imepita S.
PTAC: 1,900 + 140 + 60 + 1,080 + 165 ni kilo 3,345. Imepita kwa kilo 345.
Esie ya nyuma: 820, ongeza nusu ya watu 70, vyombo 60, magunia 1,080, na ndoano 231 (165 mara 1.4), ni kilo 2,261. Imepita kwa kilo 461.
PTRA: 1,900 + 140 + 60 + 1,080 + 1,650 ni kilo 4,830. Haijapita 5,000.

Someni mstari wa mwisho mara mbili. Kwa upande wa nguvu ya kuvuta, kila kitu ni sawa. Motere haitalalamika. Gari litatoka Kalengera, litapanda, na watu watapiga makofi. Wakati huo huo esie ya nyuma inabeba karibu nusu tani zaidi ya kile ilichotengenezewa, na magurudumu ya mbele yamepunguzwa kilo 66. Njo maana tunasema nguvu ya motere inadanganya.

Sasa hesabu nzuri, kuanzia kwenye rimoriki.

Rimoriki: 1,500 toa 450 ni 1,050. Gawa kwa 120, tunapata magunia 8 (kilo 960). Rimoriki inakuwa kilo 1,410.
Ndoano: kilo 141. Iko chini ya 150.
Ndoano juu ya esie ya nyuma: 141 mara 1.4 ni kilo 197.
Esie ya nyuma inabaki na: 1,800 toa 820, toa 70, toa 60, toa 197, ni kilo 653. Gawa kwa 120, ni magunia 5 (kilo 600).
PTAC: 1,900 + 140 + 60 + 600 + 141 ni kilo 2,841. Sawa.
PTRA: 1,900 + 140 + 60 + 600 + 1,410 ni kilo 4,110. Sawa.

Jibu: magunia 8 kwenye rimoriki, magunia 5 kwenye pikapu. Jumla 13, si 19. Kikomo kilichotuzuia kwenye pikapu ni esie ya nyuma, si PTAC. Mtaona hivyo mara nyingi: PTAC inasema bado kuna nafasi, esie ya nyuma inasema imetosha. Mwenye kusema "imetosha" njo wa kusikilizwa.

Na watu wenye kupanda juu ya magunia? Watu sita wa kilo 65 ni kilo 390, zaidi ya magunia matatu. Wanakaa juu kabisa, mahali ambapo uzito unapindua gari kwenye kona. Juu ya rimoriki mtu asipande hata mmoja, hata kwa mita 100.

Rimoriki isiyo na freni

Rimoriki nyingi zinazochomelewa mitaani hazina freni. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya mwendo wa barabarani unaita rimoriki "nyepesi" ile isiyozidi kilo 750 pamoja na mzigo. Nyepesi hiyo inaweza kukosa freni ikiwa tu haizidi nusu ya uzito wa gari tupu linaloivuta. Kwa pikapu yetu ya mfano, nusu ni kilo 950, basi kikomo kinabaki 750. Toeni kilo 450 za rimoriki tupu: zinabaki 300. Ni magunia 2.

Magunia mawili hayalipi rimoriki. Kwa hiyo kooperative ikinunua, inunue yenye freni. Ya kawaida ni freni ya msukumo: gari likipunguza mwendo, rimoriki inasukuma timoni, na msukumo huo unakaza freni za magurudumu yake yenyewe. Mwombeni fundi aionyeshe inavyofanya kazi mbele ya kulipa feza.

Rimoriki ya kukalia mgongo wa gari

Mnaona malori makubwa yanayotoka Mombasa kupitia Kampala na Bunagana. Tirela yake haikufungwa nyuma kwenye ndoano. Imekalia sahani ya chuma juu ya magurudumu ya nyuma ya kichwa. (Hata hayo yana kikomo: sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka tani 56 kwa lori na tirela yake.) Katika nchi nyingine, hasa Marekani, kuna pikapu zenye sahani ya namna hiyo ndani ya sanduku, na mafundi wetu wanaweza kujaribu kuichomelea. Je, inafaa?

Uzuri wake ni wa kweli. Uzito unakaa juu ya esie ya nyuma au mbele yake kidogo, kwa hiyo magurudumu ya mbele hayainuliwi, na rimoriki haiyumbi kwa urahisi. Lakini inaegemea gari kwa kilo 20 mpaka 25 juu ya kila 100, si kilo 10. Tena sahani inakula nafasi ya magunia kwenye sanduku.

Tujaribu kwenye pikapu ile ile, na sahani ya kilo 80. Mtu anatuuzia rimoriki ya kilo 3,500 pamoja na mzigo. Robo yake ni kilo 875. Esie ya nyuma: 820 + 70 + 60 + 80 + 875 ni kilo 1,905. Imepita 1,800. PTRA: 1,900 + 140 + 60 + 80 + 3,500 ni kilo 5,680. Imepita 5,000. Rimoriki hiyo ilitengenezewa gari lingine.

Tuchukue ndogo, ya kilo 2,500, ambayo tupu ina kilo 900. Esie inafika 1,655, PTRA inafika 4,680. Inakubalika. Mzigo wake: kilo 1,600, yaani magunia 13. Ni magunia 13 yale yale tuliyopata na rimoriki ya timoni! Tumetumia feza nyingi zaidi, tumetoboa sanduku, na gunia halikuongezeka hata moja. Mbele ya kununua chuma kikubwa, fanyeni hesabu hii.

Kupima kwa mizani ya depo

Hatuna mizani ya malori Kalengera. Lakini kooperative nyingi zina mizani ya kupimia mavuno, na inatosha.

Magunia. Msipime moja na kuzidisha. Pimeni yote, andikeni kilo kwa chaki juu ya kila gunia, na mjumlishe.

Timoni. Simamisheni rimoriki yenye mzigo mahali tambarare, wekeni mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Wekeni kipande cha mti juu ya mizani, kwa urefu unaofikisha timoni sawa na ndoano ya gari. Lazeni timoni juu yake, someni kilo, kisha toeni uzito wa mti.

Kama mizani ni ndogo, tumieni ubao mgumu. Ncha moja ikae juu ya tofali, ncha nyingine juu ya mizani, na timoni ikandamize ubao katikati yao: sentimita 30 kutoka kwenye tofali, sentimita 60 kutoka kwenye mizani. Toeni kwanza kilo ambazo mizani inaonyesha kwa ubao peke yake. Zinazobaki zidisheni mara 3. Mizani ikionyesha 47, timoni ina kilo 141.

Kama timoni ni nyepesi mno, sogezeni gunia moja mbele. Kama ni nzito mno, sogezeni moja nyuma. Kwa kawaida zaidi kidogo ya nusu ya mzigo inakaa mbele ya esie ya rimoriki. Mazito chini, mepesi juu.

Mipira, nuru na mteremko

Katika mfano wetu, esie ya nyuma ya pikapu ina kilo 1,747. Kila mpira unabeba karibu kilo 874, kwa hiyo unahitaji namba 104 au zaidi. Mipira ya gari dogo yenye namba 91, hata ikiingia vizuri kwenye jante, inabeba 1,230 kwa yote miwili. Inakosa zaidi ya kilo 500. Kwa rimoriki nunueni mipira ya namba 95 au zaidi.

Upepo upimwe asubuhi mipira ikiwa baridi, kwa kiasi kilichoandikwa kwa gari lenye mzigo. Mpira wenye upepo mdogo unapata moto na kupasuka.

Mbele ya kuondoka, angalieni: minyororo miwili ya usalama imepishana chini ya timoni, nuru za nyuma za rimoriki zinawaka, freni ya rimoriki inashika, bashi na kamba zimekazwa.

Kwenye mteremko wa Kibumba, shofere aingize vitesi ndogo mbele ya kuanza kushuka, ile ile ambayo angepandia hapo. Motere ishike gari, freni zisaidie kwa vipindi. Asiweke mguu kwenye freni kutoka juu mpaka chini. Rimoriki ikianza kuyumba, atoe mguu kwenye mazutu pole pole na ashike usukani sawa. Asiongeze mwendo.

Kubeba zaidi bila kuzidisha: kausheni mahindi

Hapa njo kazi yetu sisi maagronome inaingia kwenye mambo ya gari.

Gunia letu la kilo 120 lilikuwa na mahindi yenye maji sehemu 25 kwa mia. Maana yake kilo 90 ni nafaka kavu, kilo 30 ni maji. Tukiyakausha mpaka sehemu 13 kwa mia, kiasi kinachofaa kwa kuhifadhi, kilo 90 zile zile za nafaka zinakuwa na uzito wa kilo 103 na nusu hivi. Tuseme 104. Kwenye magunia 13, tulikuwa tunapandisha Kibumba zaidi ya kilo 200 za maji. Maji hayanunuliwi Goma, na mazutu yake tumelipa sisi.

Rudieni hesabu kwa gunia la kilo 104. Rimoriki: 1,050 gawa kwa 104 ni magunia 10, inakuwa kilo 1,490. Timoni 149, chini ya 150. Juu ya esie ya nyuma ni 209. Inabaki 641, yaani magunia 6. Esie inafika 1,783. PTAC ni 2,873. Kila kitu kiko chini ya kikomo.

Sasa ni magunia 16 mahali pa 13, kwa gari lile lile. Na mahindi makavu hayaoti ukungu upesi, ule unaoleta sumu ya aflatoksini. Kausheni juu ya bashi, si juu ya udongo. Pukuseni nyumbani, msisafirishe magunzi. Fungeni magunia sawa, bila kichwa cha kamba, ili kuhesabu magunia kuwe kuhesabu kilo.

Uamuzi ni wa kooperative

Hesabu peke yake haitoshi kama saa ya kupakia kila mtu anasukuma gunia lake. Tunashauri mambo manne.

Kwanza, mkutano mkuu upitishe idadi ya magunia na iandikwe kwa rangi ubavuni mwa pikapu na wa rimoriki, wote waione.

Pili, mtunza depo aandike kilo za kila safari kwenye daftari, na shofere aweke sahihi.

Tatu, shofere awe na haki ya kukataa kuondoka, na asikatwe mshahara kwa kukataa. Yeye njo anayekaa mbele ya uzito huo kwenye mteremko.

Nne, wekeni zamu ya mapema. Ugomvi wa kupakia unatokana na hofu ya kubaki. Mwanachama akijua kwamba gunia lake lina nafasi yake Alhamisi, hatalipandisha kwa nguvu Jumanne.

Safari mbili zenye uzito mzuri zinagharimu mazutu zaidi, ni kweli. Lakini esie ikivunjika njiani Rugari, mnalipa fundi, mnalipa gari la kuja kuhamisha mzigo, mnalipa walinzi wa usiku, na msimu unaendelea bila gari. Wekeni gharama hizo pande mbili za karatasi, wanachama wote wakiangalia, kisha mwamue.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kibao cha pikapu yetu kiko wapi? Kinaonyesha kilo gani kwa esie ya nyuma?
2. "Gunia la mia" la kwetu lina kilo ngapi kwenye mizani?
3. Nani leo ana neno la mwisho wakati wa kupakia? Je, ni yule anayejua uzito?
4. Zoezi: rimoriki tupu ina kilo 400, kikomo chake ni kilo 1,200 na ina freni. Gunia la maharagi limepimwa kilo 102. Itabeba magunia mangapi, na timoni itaegemea kwa kilo ngapi?

Jibu la zoezi: 1,200 toa 400 ni 800. Gawa kwa 102 ni magunia 7 (kilo 714). Rimoriki inakuwa kilo 1,114, na timoni inaegemea kwa kilo 111 hivi. Aliyejibu magunia 8 amepita kikomo kwa kilo 16. Arudie hesabu na wenzake.